Sini ya Magoti

"Kata! Kata! Jamani, huyo dada wa gauni la njano katokea wapi?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi pale Mwaloni, Kirumba, soko limefurika, harufu ya dagaa wakavu imejaa hewani. Kokushubira alisimama katikati ya njia, mfuko wa kayabo, samaki wakavu wa chumvi, mkononi. Mbele yake palikuwa na kamera, na nyuma ya kamera kijana mrefu aliyegeuza kofia, shati la kitenge limelowa jasho mgongoni.

"Nimetokea nyumbani kwangu," alimjibu. "Na hili ni soko, si sebule yako."

Wachuuzi wakaangua kicheko.

"Samahani, dada. Ila umempitia mbele jambazi wangu anapokimbia. Kakuogopa wewe kuliko polisi."

"Basi mvishe polisi gauni la njano."

Kijana alicheka hadi akashika magoti. Aliitwa Chenge, Msukuma wa Magu aliyekulia Igoma, na muvi zake vijana wa mji walizijua kwa kichwa. Koku alikuwa Mhaya wa Muleba, mwalimu wa fasihi katika chuo kimoja mjini, mwanamke wa kuchagua maneno kama watu wanavyochagua nyanya. Kabla kayabo haijaisha jikoni kwake, Chenge alikuwa ameshapiga simu mara nyingi kiasi kwamba Koku alianza kuisubiri.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula. Wewe dairekta, umelala?"

"Nitalalaje, na wewe uko Nyegezi?"

Jioni walikaa juu ya mawe ya Capri Point, ziwa limetulia chini yao, sato wa kukaanga kwenye sahani katikati. Hapo ndipo Koku alipomwambia kuhusu nadharia aliyokuwa akiifundisha.

"Kuna mhakiki mmoja wa ng'ambo. Anasema mshairi hazaliwi peke yake, ana baba yake wa sanaa. Anampenda mpaka anatamani kuwa yeye, halafu anamchukia kwa kuwa alitangulia. Ili apumue, inabidi amsome vibaya kwa makusudi. Aseme, hapa mzee alikosea, mimi ndiye nitakayemalizia."

"Hayo ya washairi. Sisi wa muvi tunataka watu wacheke na walie, basi."

"Haya. Muvi yako ya mwisho, mwanamke anafanya nini mwishoni?"

Chenge alitafuna taratibu. "Anapiga magoti."

"Na kwenye Mjane wa Sengerema, ya mwalimu wako, mzee Venant?"

"Anapiga magoti. Kwenye mvua."

"Na wewe uliweka nini?"

"Mvua," alisema, kisha akanyoosha kidole juu. "Lakini yangu ilikuwa ya mawe!"

Walicheka mpaka wavuvi waliokuwa wakipita chini wakainua macho. Kicheko kilipokwisha, Chenge alilaza kichwa mapajani mwa Koku akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa akijifunza kazi kwa mzee Venant, aliazima simu akairekodi upya Mjane wa Sengerema nyumbani kwao, sini kwa sini, kila tukio kama lilivyokuwa, dada zake wakiwa waigizaji. Hadi leo kila anapotega kamera, humsikia yule mzee akikohoa nyuma yake.

"Ipo siku nitatengeneza muvi ambayo yeye hatakuwemo," alisema. "Na mwanamke hatapiga magoti. Nakuapia, Koku."

Koku alimpapasa nywele. Siku ile aliamini kwamba amepata mume.

Chuo kilipoandaa kongamano la kumuenzi mzee Venant, Koku alipewa nafasi ya kuzungumza. Alivaa suti ya bluu, akapanda jukwaani, akaieleza ile nadharia kwa lugha nyepesi ambayo hata madereva waliosimama mlangoni waliielewa. Alisema yale ya washairi yanawahusu pia watu wa muvi. Alihitaji mfano, na mfano aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu.

"Chenge mnayempenda," alisema, "alijifunza kwa kunakili Mjane wa Sengerema sini kwa sini. Muvi zake zote hadi leo ni kivuli cha mzee wetu. Lakini..."

Baada ya lile "lakini" alisema mengi. Alisema Chenge ndiye pekee katika mji huu mwenye nguvu ya kumshinda baba yake, na kwamba muvi inayokuja itakuwa yake mwenyewe. Ila aliyekuwa akirekodi kwa simu alikata palepale kwenye kivuli. Jua halijazama, kipande kilikuwa kimeenea kwenye makundi yote ya WhatsApp, na watu wakampa Chenge jina jipya: Fotokopi.

Simu ya Koku ililia saa ya chakula cha usiku.

"Umenimaliza, Koku."

"Wamekata, mpenzi wangu. Sikiliza yote, nilisema..."

"Ulisema au hukusema kwamba nilinakili?"

"Nilisema."

"Nilikwambia nikiwa nimelala mapajani mwako."

"Sikuona kama ni aibu, Chenge. Niliona ni ushahidi."

Neno lilimtoka akalisikia mwenyewe.

"Ushahidi," Chenge alirudia. "Kumbe nilikuwa mahakamani." Akakata.

Alimpigia, hakupokea. Alikwenda Igoma, dada zake wakamwambia kasafiri, na huku viatu vyake viko mlangoni. Masika yakapita. Usiku na mchana Koku aliyapanga maneno ya kumwomba radhi, akayapunguza, mpaka yakabaki machache aliyoyaamini: nilikuuza ili nionekane najua.

Ndipo ujumbe ukaingia: "Njoo uangalie muvi yangu. Nimekutengenezea wewe."

Alisukwa upya, akashona gauni la kitenge cha zambarau. Ukumbi ulijaa. Taa zilipozimwa, kwenye skrini akatokea mwalimu wa chuo aliyevaa gauni la njano, ameigizwa na binti mzuri aitwaye Queen. Mwalimu yule alimtangaza mpenzi wake hadharani. Alisema, "Niliona ni ushahidi," na ukumbi ukamzomea. Kisha akafukuzwa kazi, akachakaa, na mwisho akapiga magoti kwenye matope nje ya geti la mwanaume, mvua ikimnyeshea. Watu walisimama wakapiga makofi.

Nje alimkuta mzee Venant ameegemea bakora, uso unang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona mwisho? Ule wangu ule. Tulikaa wote kwenye kuhariri. Kijana amerudi nyumbani."

Chenge akaja katika suti nyeusi, simu za watu zikiwa juu zikirekodi, kisanduku chekundu kikiwa wazi kiganjani mwake.

"Koku, yameisha. Nimekusamehe mbele ya wote. Tuoane."

Watu wakapiga vigelegele. Koku aliitazama ile pete.

"Nilikuwa na maneno ya kukuomba radhi, Chenge. Nimeyabeba miezi yote hii. Lakini umeshaniombea wewe, tena kwa magoti. Hukuniachia hata neno moja."

"Ni muvi tu, mpenzi."

"Uliniapia hatapiga magoti."

Chenge aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini ambayo simu hazikuinasa. "Nilijaribu. Mwanamke alibaki amesimama. Sikujua baada ya hapo anasema nini."

"Ungeniuliza," Koku alisema.

Akamfungia kisanduku kwa mkono wake mwenyewe, akatoka kati ya watu wale waliokuwa bado hawajajua kama washangilie.

Disemba alipanda basi la Bukoba kwenda kwa mama yake. Walipovuka daraja la Kigongo, kondakta aliwasha runinga ya mbele, na akina mama wakashangilia kwa kuitambua muvi. Koku hakuwa na pa kwenda. Alitazama maji, akatazama mapapai ya barabarani, lakini sauti ya Queen ilimfuata mpaka kwenye sini ya geti. Mama mmoja aliyekaa jirani yake, kanga kichwani, alikuwa akijifuta machozi kwa kiganja.

"Wanawake wasomi wana kiburi sana," mama alisema. "Afadhali huyu amejirudi."

Koku alifungua mkoba, akampa tishu.

"Asante, mwanangu. Mbona wewe hulii?"

"Nilishaiona, mama," alisema, akageukia dirishani.