Maji ya Mlimani na Maji ya Ziwani

Kila siku baada ya shule, Godeliva alibadili sare, akajaza ndoo mbili bombani, akafagia uwanja, kisha akashuka ziwani peke yake. Shangazi yake, Bernadeta, aliuza mitumba soko la Mkuyuni na hakurudi kabla ya giza. Nyumba ilikuwa kimya mno. Ufukweni, Godeliva alivua kandambili, akaingia majini mpaka magotini, pale maji yalipotulia karibu na matete, akatazama upande jua linakozama. Huko mbali, ng'ambo ya maji yote yale, ndiko kulikokuwa kwao, Ngara.

Alikuwa darasa la sita, mgeni shuleni tangu Januari, alipohamia kwa Shangazi. Siku moja Mwalimu Luhende alifundisha kuhusu maeneo ya milima yaliyo mpakani. Godeliva akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi natoka huko," alisema. "Tunalima migomba na kahawa kwenye miteremko. Mvua ikizidi, udongo unaporomoka, kwa hiyo tunapanda majani kwenye kingo za matuta. Kule barabarani, malori ya saruji yanapanga foleni mpakani Kabanga yakisubiri kuvuka kwenda Burundi. Mama anawauzia madereva chai na ndizi za kuchoma. Malori yasipokuja, hata pesa ya chumvi tunakosa."

"Vizuri sana!" alisema Mwalimu.

Lakini wakati wa mapumziko wenzake walimwiga alivyotamka "tunarima" badala ya "tunalima", wakacheka. Tangu hapo hakunyoosha mkono tena, na uji wake aliunywea nyuma ya darasa.

Miezi ikapita. Tumbo likaanza kumuuma, na kwenye kinyesi chake akaona damu. Aliogopa, akanyamaza. "Shangazi akijua atampigia mama," aliwaza. "Mama ataacha biashara aje mbio. Wadogo zangu watakula nini?"

Asubuhi moja Hadiya, aliyeketi naye dawati moja, alimkuta ameinama nyuma ya darasa, ameshika tumbo.

"We Godeliva, unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amuulize hivyo. Godeliva akamweleza yote. Hadiya hakucheka. Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Luhende, naye akampigia Shangazi simu.

Zahanatini, alikopelekwa na Shangazi, muuguzi aliwaita baada ya vipimo. "Ni kichocho. Unaogelea ziwani, mwanangu?"

"Hapana, huwa nasimama tu majini. Kwetu maji ya chemchemi tunayakanyaga, tena tunayanywa hivyo hivyo."

"Hata hayo ya chemchemi yachemsheni kwanza," alisema muuguzi. "Lakini ziwani kuna jambo jingine. Penye matete wanaishi konokono wadogo. Wanatoa vijidudu vinavyopenya kwenye ngozi, wala huvioni. Dawa ipo, utapona. Kula kwanza, ndipo umeze. Na usirudi tena kusimama mle."

Shangazi alimnunulia chapati na maziwa, akamsimamia mpaka akameza vidonge vyote. Njiani kurudi nyumbani, Shangazi akasimama ghafla.

"Siku zote hizo, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, Shangazi. Halafu ukirudi unakuwa umechoka."

Shangazi alimshika bega. "Ni kweli, nimekuacha mno peke yako. Hilo ni kosa langu, nitalirekebisha. Lakini nawe sikiliza, mwanangu. Ugonjwa ukiufichaficha hauondoki, unazidi kukuumiza. Ukisikia maumivu, sema, hata kama nimelala niamshe. Na ukiwa mgeni mahali, uliza wenyeji kabla ya kuingia kwenye maji yao."

"Utamwambia mama?"

"Utamwambia wewe mwenyewe, leo, kwa simu yangu. Mweleze kwamba uliugua, umetibiwa, na asiache kazi yake, kwa sababu mimi nipo."

Siku hiyo Shangazi hakurudi sokoni. Alipika ugali na sato, wakala pamoja. Kabla hawajanawa mikono, Hadiya akabisha hodi, amekuja na daftari la hesabu. Alikaribishwa, akakaa, na hesabu zilipoisha aliendelea kukaa, mpaka mama yake akaja mwenyewe kumchukua.