Kisasi Kwenye Gunia la Sukuma

“Mbuzi wenu wamemaliza ndengu zangu, na Musyoka alikuwa amesimama papo hapo akiwatazama,” alisema Mama Katunge, mikono kiunoni.

“Alisahau kufunga lango, jirani. Si kusudi,” alijibu Nduku, mamake Kanyiva.

“Juzi alisahau jembe mtoni, leo lango. Nitawaambia wamtoe kwenye mwethya. Mtu asiye na kichwa atatuchimbia matuta gani?”

Majirani waliojifanya wanapita tu wakacheka. Musyoka, mjomba wa Kanyiva, aliinamisha uso. Alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili, na kila mwezi alienda Kitui kuchukua dawa. Mwethya, kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu, ndicho kilichomfanya ahesabiwe mtu kama wengine.

Kanyiva, mwanafunzi wa gredi ya saba, alikuwa akisikiliza nyuma ya mamake. Moyoni aliapa kwamba Mama Katunge atakiona.

Asubuhi, kabla ya kwenda shule, alizoa kinyesi cha paka nyuma ya jiko lao, akakifukia kwenye gunia la udongo ambamo Mama Katunge alikuwa amepanda mboga ya sukuma. “Haya, kuleni sasa,” alinong’ona. Kutwa nzima darasani alikuwa akitabasamu peke yake.

Jioni Nyamai, mhudumu wa afya wa kijiji, alimkuta Musyoka akipalilia kwa mikono mitupu.

“Ukimaliza nawa kwa sabuni, ndugu yangu, na nyama iive sawasawa. Kuna kimelea kinachokaa kwenye kinyesi cha paka na nyama mbichi. Watafiti wengine wameona kwamba wenye ugonjwa kama wako wakiwa nacho, kukumbuka huwa kugumu zaidi.”

“Ndicho kinachonisahaulisha?”

“Siwezi kujua. Bado wanachunguza, na hata ugonjwa wenyewe husahaulisha. Mwambie daktari. Anayefaa kukiogopa zaidi ni mama mjamzito, maana chaweza kumdhuru mtoto tumboni.”

Kanyiva, aliyekuwa ametoka shule na kusikia yote, aliangusha mkoba wake. Katunge, binti wa jirani yao, alikuwa mjamzito na alikuwa amerudi kwa mamake kujifungua. Akatoka mbio, Musyoka na Nyamai wakimfuata.

Katunge alikuwa ameinama kwenye gunia, majani mkononi.

“Dada, usiyapike. Nimetia kinyesi cha paka humo.”

Mama Katunge alitoka jikoni na mwiko. “Ulitaka kumuua mjukuu wangu?”

“Nilitaka kukuumiza wewe. Ulisema mjomba hana kichwa.”

Mwiko ulibaki hewani. Musyoka akamgeukia binti.

“Mikono, Katunge. Nawa kwa sabuni kwanza. Nyamai amesema.”

Mama Katunge alishusha mwiko, akamtazama Musyoka. Kati ya wote waliosimama pale, ni yeye tu aliyekumbuka.

Nyamai alimwambia Katunge aende kliniki kesho yake aeleze yaliyotokea. Halafu akamgeukia Kanyiva. “Kisasi hakichagui mdomo, mwanangu. Ulimlenga mkubwa, kikawa kinaelekea kwa ambaye hata hajazaliwa. Ukikosewa, sema.”

“Na mimi ulimi wangu ulitangulia,” Mama Katunge alisema polepole.

Musyoka alivaa glavu za Nyamai, akafukia udongo ule shimoni, akajaza gunia upya.

Jumamosi mwethya ulikuwa kwa Mama Katunge. Musyoka alichimba tuta lake likanyooka. Muthokoi, chakula cha mahindi ya kukoboa na maharagwe, ulipopakuliwa, wenzake waliingia ndani wakipiga soga, yeye akabaki mlangoni.

“Musyoka, unangoja kadi ya mwaliko?” aliita Mama Katunge, akimsogezea maji na sabuni. “Nawa, ingia ule.”