Hodi ya Ndani

Mwanapili alikuwa karani wa masjala mjini Wete, mzaliwa wa Wingwi. Mumewe, Suhail, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Miaka sita walipanga chumba kimoja mjini, na kila mwaka mwenye nyumba alipandisha kodi. Walipoamua kutafuta chao, wakaangalia upande wa Gando, kama wafanyavyo wengi siku hizi: kulala shamba, asubuhi kupanda gari kwenda kazini. Lakini huko nako bei zilishapaa. Kiwanja kitupu chenye magugu kiliuzwa bei ya nyumba.

Ndiyo maana nyumba aliyokuwa akiiuza bwana mmoja, Mmanga, iliwashangaza. Vyumba vitatu vya matofali, bati jipya, kisima uani, na bei yake haifiki hata nusu ya kiwanja cha jirani. Mmanga aliwakabidhi ufunguo akiwa barabarani. Hakukubali kusogea mlangoni.

"Ingieni wenyewe," alisema. "Mie nishatoka."

Majirani hawakuwapokea. Mwanapili alitoa salamu, haikuitikiwa. Na kunyimwa jibu la salamu, kwa watu wa Pemba, ni zaidi ya tusi. Bi Zulekha, waliyepakana naye ua kwa ua, kila akimwona Mwanapili huziba mdomo kwa ncha ya kanga na kugeuka. Asubuhi moja walikuta mtu kawamwagia vichwa vya samaki vilivyooza kizingitini.

"Husuda hiyo," Suhail alisema. "Wameona tumepata kwa bei chee."

Mwanapili akaamini. Akaanza kuwachukia naye.

Ijumaa moja alitoka kazini mapema. Wanaume wengi walikuwa bado msikitini, jua limesimama utosini, mtaa mzima kimya. Alitia ufunguo kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Kabla hajauzungusha, akasikia sauti ya mwanamke, taratibu, ya adabu:

"Hodi."

Akajibu bila kufikiri, kama anavyojibu kila mtu aliyelelewa vyema.

"Karibu."

Hodi ile haikutoka nyuma yake. Ilitoka ndani.

"Ahsante," ikasema sauti ya ndani. Na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akarudi kinyumenyume. Bi Zulekha alikuwa amesimama kwenye ua wake, kanga mdomoni.

"Umeitikia?" alinong'ona. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha.

"Nimeitikia."

"Mjinga we! Tumekununia mwezi mzima ili uhame. Tumeziba midomo nyumba hiyo isituibie sauti. Sasa imepata sauti. Toka hapa! Usinikaribie!"

Akaingia kwake. Komeo likalia.

Mwanapili alikimbilia barabarani, akampigia mumewe. Simu iliita mara moja tu.

"Mbona wapiga simu?" Suhail alicheka. "Nimetoka msikitini, nimepitia njia ya uani. Si wewe huyo waniita jikoni?"

"Mie niko barabarani."

Akasikia nyayo zake zikiendelea.

"Suhail. Usiingie."

Akasikia mlango ukilia. Akasikia pumzi ya mumewe. Kisha, ndani ya simu, akajisikia mwenyewe akisema kwa upole:

"Karibu, mume wangu."

Simu ikakatika.

Alikimbia. Viatu vilimtoka, hakuviokota. Alipiga kelele kwenye kila mlango wa jirani; hakuna uliofunguliwa. Akazunguka uani peke yake. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Suhail alikaa sakafuni, ameegemea ukuta, macho wazi, anatabasamu kama mtu anayesikiliza habari njema. Mwanapili hakutamka neno. Alimshika kwapani, akamburuta hadi nje, hadi barabarani, na gari la kwanza lililopita likawachukua.

Wamerudi Wete, chumba kimoja, kodi juu kuliko ile ya mwanzo. Madaktari wamemtazama Suhail koo, hawakuona kitu. Shehe Bakar amemsomea siku arubaini. Anakula, anatembea, anachomelea mageti. Hajasema neno tangu siku ile.

Jingine Mwanapili hulisema kwa nduguze tu, tena kwa shida. Siku walipofika mjini alimwogesha mumewe, akakuta katikati ya mabega yake alama ya kiganja cha mwanamke, ya hina. Aliisugua kwa ndimu, kwa sabuni, kwa mchanga. Hina ya watu hufifia wiki mbili tatu. Hii ina mwaka wa pili, na kila Ijumaa mchana huwa mbichi.

Hulowanisha shati.