Mstari wa Nyuma

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika wanafunzi wa chuo. Feni ya dari ikapeperusha nota za Mwalimu wa kwaya, ukurasa mmoja ukatua chini ya kiatu chekundu cha fundi cherehani wa duka la jirani.

"Dada, umeikanyaga sauti ya pili."

"Maskini. Imeumia?" aliuliza yule dada, gauni la njano limemkaa utadhani kazaliwa nalo.

Mwalimu alicheka, yeye ambaye wanafunzi wake wa muziki walibishana kama ana meno. Basi mapenzi yakaanzia hapo.

Shida ilikuwa nafasi. Asubuhi alifundisha, mchana alijifungia na utafiti wake wa nyimbo za kazi, Jumanne na Alhamisi jioni kwaya. Fundi naye akajiunga na kwaya, akapangwa mstari wa nyuma. Wenzake wakipandisha sauti, yeye alishusha. Siku moja kabla ya tamasha Mwalimu alimvuta pembeni, akamwambia kwa upole, kama alivyokwisha kuwaambia wengi:

"Mpenzi, kesho fungua mdomo tu. Usitoe sauti."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alisimama saa nzima ndani ya joho aliloshona mwenyewe, akifungua na kufunga mdomo. Makofi yalipopigwa alilivua joho, akalikunja, akaliacha kitini na kwenda zake.

Miezi mitatu simu haikupokelewa. Mwalimu alikula mkate mkavu amesimama jikoni. Alizoea kusikia sauti arobaini kwa mpigo, na sasa hakuwa na hata moja ya kumuuliza ameshindaje. Upweke ulimkaba kweli kweli, na alistahili.

Jumamosi moja simu ikapokelewa.

"Nilikukosea, mpenzi. Ila masikio yangu haya, ulikuwa unatoka kabisa nje ya..."

"Najua siwezi kuimba! Tangu shule ya msingi najua. Kwani ulidhani nilikuja kuimba?"

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

"Kukuona, wewe mwanamume! Ningekuona saa ngapi nyingine?"

Akakata.

Alhamisi, saa ya mazoezi, Mwalimu alimwachia msaidizi wake kwaya, akaenda dukani kwa fundi. Fundi alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye.

"Leo hakuna mazoezi?"

"Yapo. Mimi ndiye sipo."

"Nina mashati kumi ya kumaliza. Sina muda wa maneno."

"Sikuja na maneno."

Fundi akamsukumia kigoda kwa mguu. Cherehani ikanguruma. Kwenye shati la nne akauliza, macho yakiwa kwenye sindano:

"Na kesho?"

"Nitakuja. Nakuahidi, kuanzia leo kila..."

"Usiniahidi. Njoo tu."

Mwalimu alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Fundi alimrushia kipande cha kitambaa, akaendelea kushona.