Begi la Bibi na Lundo la Mboji

Kila asubuhi Bibi alifagia uwanja. Mti wa jirani ulidondosha majani upande wao wa ukuta, na Bibi hakutaka kuona hata jani moja. Aliyafagia, akayakusanya pembeni, akayachoma moto.

"Uwanja mchafu, nyumba chafu," alisema.

Hakuna aliyembishia. Ukibishana na Bibi, utachoka wewe.

Bibi alikuwa mama yake Seremala. Alipofiwa na mumewe, alibaki peke yake kijijini. Siku moja aliteleza, akalala chini mpaka jirani alipopita. Ndipo Seremala akamleta mjini, aishi naye, na mkewe Mshonaji, na binti yao mdogo. Binti huyo walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mwanzoni Bibi alikonda. Alikaa kitandani akitazama ukuta. Kisha akaomba jembe. Nyuma ya vyumba vyao vya kupanga palikuwa na kipande cha ardhi, kidogo tu. Bibi akapanda mchicha, nyanya na bilinganya. Akaanza kula vizuri. Akaanza kutania watu. Mshonaji alimwambia mumewe, "Bustani ile ndiyo dawa ya mama."

Lakini ardhi ilikuwa imechoka, na mimea ilikuwa ya manjano. Familia ikachimba shimo kando ya bustani, ikatupa humo taka za jikoni ili zioze ziwe mbolea. Maganda ya ndizi, mabaki ya wali, vichwa vya samaki, vyote humo. Shimo likaanza kunuka. Seremala akalifunika kwa nailoni. Likazidi kunuka. Nzi wakahamia pale kama wapangaji waliolipa kodi.

Mwenye nyumba alikuja ameziba pua.

"Mshonaji, wenzenu wananilalamikia," alisema. "Mwisho wa mwezi naleta fundi. Tutafukia shimo na bustani yote, tumwage saruji. Yaishe."

Bibi alisikia kila neno kutoka dirishani. Jioni Mshonaji alimkuta anapanga nguo kwenye begi lake kubwa la safari.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwangu, mwanangu. Bila bustani hapa nitafanya nini? Nihesabu nyufa za ukuta?"

"Na kule utakaa na nani?"

"Na kuku."

Mshonaji alitaka kucheka, akashindwa. Aliogopa sana. Safari hii Bibi akianguka, huenda jirani asipite.

Jirani yao mmoja alikuwa muuguzi wa zahanati. Mshonaji alimweleza yote. Muuguzi alifikiri kidogo.

"Jumamosi kikundi chetu kinatembelea shamba la kilimo hai," alisema. "Hawatumii mbolea wala dawa za viwandani. Mbolea wanaitengeneza wenyewe kwa taka. Wana lundo refu kuliko mimi, na watu wanakula chakula chao kando yake. Basini bado kuna nafasi. Njooni wote."

"Wanakula huku wameziba pua?" aliuliza Kasuku.

"Njoo ujionee."

Jumamosi waliondoka alfajiri. Maghorofa yakapungua, kisha vibanda, kisha yakabaki mashamba matupu. Bibi alikaa dirishani. Alitaja kila mmea aliouona, hata dereva wa basi akajua kwamba kunde zimechelewa kupandwa.

Shambani walipokelewa na Mkulima, mama mmoja aliyevaa buti za mpira.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mboga zako zimenenepa hivi?"

"Zinakula vizuri. Njoo nikuonyeshe chakula chao."

Aliwapeleka kwenye lundo kubwa lililofunikwa kwa nyasi kavu. Kasuku aliziba pua mapema. Bibi aliinama, akachota kiganja kimoja, akanusa.

"Linanukia udongo," alisema. "Udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza."

Kasuku akaachia pua taratibu. Ilikuwa kweli.

"Hii ndiyo mboji," alisema Mkulima. "Yenu ikoje?"

"Yetu inatufukuza nyumbani," alisema Seremala. Akaeleza habari ya wali, samaki na nailoni. Mkulima alisikiliza mpaka mwisho.

"Chakula kilichopikwa, nyama na samaki, msitie," alisema. "Vinaita nzi na panya. Halafu, taka mbichi zina maji mengi. Zikikaa peke yake zinagandamana, hewa haipiti. Lundo lisilopata hewa ndilo linalonuka. Na ile nailoni imeziba hata hewa kidogo iliyokuwepo."

"Mimi nilidhani naziba harufu," alisema Seremala.

"Wengi wanadhani hivyo. Sasa fanyeni hivi. Ndoo moja ya maganda, ndoo mbili za vitu vikavu. Kila mkimwaga kibichi, kifunikeni kwa kikavu. Geuzeni lundo kila wiki. Maji kidogo tu. Ukilishika, liwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa."

"Vikavu gani?" aliuliza Mshonaji.

"Nyasi kavu, majani makavu. Hata maranda ya mbao, mradi mbao haikupakwa rangi wala dawa."

Bibi alizitazama nyasi kavu zilizofunika lundo.

"Majani makavu," alisema. "Nayachoma kila asubuhi."

"Na mimi namlipa mtu wa mkokoteni aje kutupa maranda," alisema Seremala.

Mshonaji alimtazama mama, akamtazama mwana. "Kumbe dawa tunayo wenyewe," alisema. "Mmoja anaichoma, mwingine anailipia nauli."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika uzio. Tangu siku aliyokuja mwenye nyumba hawakuwa wamemsikia akicheka, na Mshonaji alifurahi kuliko alivyoweza kusema.

Kesho yake Seremala aliunda sanduku kubwa la mbao kuukuu, akaacha nafasi kati ya mbao ili hewa ipite. Walitoa nailoni. Vichwa vya samaki na mabaki ya wali walivifukia humo humo shimoni. Zile taka nyingine walizichanganya na maranda, wakazitia sandukuni, wakafunika kwa majani. Kila wiki Seremala aligeuza kwa koleo. Harufu ikapungua, kisha ikaisha. Nzi wakahama bila kuaga.

Bibi aliendelea kufagia. Moto tu ndio haukuwaka tena. Lakini begi lake lilibaki chini ya kitanda, limejaa nguo. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado haujafika.

Ulipofika, mwenye nyumba alikuja na fundi. Alisimama bustanini, akaegemea sanduku kupumzika.

"Mmefanya vizuri kulifukia," alisema. "Lile shimo lilikuwa wapi?"

"Taka umeziegemea," alisema Kasuku.

Mwenye nyumba aliruka. Kisha akarudi, akainama. Akanusa mara moja, akanusa tena.

"Mbona hazinuki?"

Bibi akamweleza yote, habari ya vibichi, vikavu na hewa. Alieleza kama aliyezaliwa na buti za mpira miguuni. Mwenye nyumba alisikiliza, akamgeukia fundi.

"Nenda tu, fundi. Nimekusumbua bure. Bustani inabaki."

Mshonaji aligeuza ndoo, akakaa juu yake. Seremala alishusha pumzi ndefu.

"Hata kwangu majani yananisumbua," alisema mwenye nyumba.

"Usiyachome," alisema Bibi. "Ngoja niyafuate sasa hivi."

Akaingia ndani haraka. Alitoka amebeba lile begi kubwa la safari, tupu, akitikisa vumbi.

"Mama," aliuliza Mshonaji, "na nguo?"

"Ziko kabatini," alisema Bibi, huku akielekea langoni. "Zikae kwenye begi zifanye nini?"