Nilikula Nyama ya Kilio cha Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mjane mwenye watoto wawili, fundi cherehani hapa Mbugangari mjini Gisenyi, Rwanda. Nyama ya ng'ombe siigusi tena. Jirani akikaanga, nafunga dirisha. Majirani wanadhani ni mambo ya dini... Wacha wadhani! Leo nawaeleza ninyi wasomaji, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikasoma huko hadi kidato cha pili. Niliporudi Rwanda nilikuwa na kiburi cha kusoma. Nikiona mwanamke anatia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua, nilimcheka moyoni. Mjinga huyo, nilisema. Kumbukeni maneno hayo, tutayarudia.

Mume wangu Evariste alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe. Alikuwa Msabato wa kweli, si wa jina. Bia hakuwahi hata kuilamba. Mafundi wenzake walimtania kwamba tumbo lake limejengwa kwa maziwa, naye anacheka tu.

Alikuwa akifanya kazi pamoja na kaka yake mkubwa, Wellars, shemeji yangu. Tajiri mmoja alikuwa anajenga jumba la kifahari kwenye mteremko juu ya ziwa, na Wellars ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi. Chini ya jumba palihitajika ukuta mrefu wa mawe wa kuzuia udongo. Ukuta huo ndio aliopewa Evariste.

Mvua zikaja, na zilikuwa mvua hasa! Asubuhi moja, akinywa uji, aliniambia ukuta umepasuka katikati na udongo nyuma yake umelewa maji. Alisema amekwisha kuwaambia wakubwa wake mara moja, na leo atarudia. Nilimjibu aseme kwa nguvu, yeye ni mpole mno. Akavaa buti zake akaenda.

Saa nne wakaniita. Ukuta ulikuwa umemwangukia. Walipomtoa hakuwa na la kusema tena...

Nisiwachoshe na mazishi. Aliyewahi kuzika mume anajua, na asiyewahi, Mungu amwepushe.

Kwetu hapa, baada ya maziko watu hukaa kilioni karibu wiki nzima. Kila ajaye huja "kukushika mgongo", ndivyo tunavyosema, yaani kukutegemeza usianguke. Siku ya mwisho ni ya kuondoa kilio. Watu wanakula, wanakunywa, msemaji wa familia anashukuru, halafu maisha yanaendelea. Mjane anakaa chini, kimya. Hapangi kitu, haulizi kitu. Kila kinacholetwa anapokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mjane anayeuliza maswali anaonekana hana uchungu.

Siku hiyo tajiri alikuja mwenyewe, na suti nyeusi na miwani. Alikuwa ametanguliza ng'ombe mzima! Pia makreti ya bia yamepangwa ukutani kwangu, nyumbani kwa mtu asiyekunywa bia maisha yake yote. Nilitaka kusema yaondolewe. Wellars alininong'oneza kwamba mgeni hakataliwi alicholeta. Nikayaacha. Nilidhani ni heshima!

Tajiri aliniinamia akaniambia nivumilie. Machozi yalikuwa yanamtoka, nawaapia. Sasa nikiyakumbuka yale machozi natamani kunawa uso.

Halafu daftari likapitishwa. Ni kawaida yetu, waliofika wanaandika majina yao ili familia ikumbuke. Wellars alinifungulia ukurasa wa kwanza. Juu palikuwa na mistari michache iliyokwisha kuandikwa.

"Shemeji, sinya hapa ku mbele," akaniambia, akinipa kalamu nitie saini. "Ni ya kushukuru batu benye bamekuja."

Mimi niliyesoma! Mimi niliyewacheka wenye dole gumba! Macho yalikuwepo, mistari ilikuwepo... sikusoma. Watu mia wananitazama, nitaanzaje kusoma kama karani sokoni? Nikaandika jina langu lote, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha wakaniletea sahani. Nilikuwa sijala siku nyingi. Nikala ile nyama, nikarudia.

Baada ya miezi mitatu binti yangu Kevine alirudi kutoka shule analia. Alikuwa na miaka tisa. Mwenzake alimwambia baba yake alikufa kwa ulevi, kwamba alipanda ukuta akiwa amelewa. Ulevi? Evariste? Nikauliza mtaani. Kila mtu alikuwa ameshalisikia, isipokuwa mimi!

Nilikwenda kwa Wellars anisaidie kulikanusha. Hakunikaribisha ndani. Alisema maneno ya watu hayana mkia, nilee watoto nitulie. Nyuma yake niliona pikipiki mpya. Baadaye nikasikia kwamba tajiri amempa kusimamia nyumba nyingine, kubwa zaidi ya ile.

Hasira ndiyo iliyonipeleka wilayani, kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Kabla ya hapo sikujua kwamba ipo, wala kwamba ni bure. Nilimkuta dada mmoja mwanasheria, mdogo kwangu, mwenye sauti ya taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Akasema kama mume wangu aliwaonya na wakamlazimisha, basi hicho si kifo cha bahati mbaya tu, kuna wa kujibu. Akamwandikia tajiri barua.

Jibu lilikuja. Lilikuwa nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari la kilio.

Yule dada alinisogezea nisome mwenyewe. Paliandikwa kwamba familia imefarijiwa na imeridhika, kwamba marehemu alisababisha kifo chake kwa ulevi, na kwamba familia haitalalamika popote. Chini, jina langu lote, kwa mwandiko mzuri. Na pembeni, shahidi: Wellars. Ndugu wa tumbo moja!

Nilitapika pale pale ofisini, kwenye kapu la karatasi. Yule dada alinishika mgongo, na huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenishika mgongo kweli.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Lakini mimi nilikuwa nimekula pia, wasomaji, na hilo ndilo linaloniuma. Walimuua baba wa watoto wangu, wakachinja, wakanilisha, nami nikashukuru!

Mwanasheria aliniambia nisikate tamaa. Karatasi iliyopatikana kwa hila kilioni inaweza kupingwa, na haki ya watoto wadogo haifutwi na saini ya namna hiyo. Ila tungehitaji mtu aliyemsikia Evariste akionya.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Walikuwa wanane siku ile. Mmoja alijificha chooni hadi nikaondoka. Mwingine alitazama viatu vyake akaniambia, "Mama Kevine, si tulikula? Sasa mi nitasema nini?" Wote walikuwa na jibu hilo hilo, wengine kwa mdomo, wengine kwa macho. Walikula, kwa hiyo yaliisha. Ng'ombe mmoja aliziba midomo ya wanaume wanane!

Nikamkumbuka Mama Sifa. Ni mwanamke wa Goma aliyekuwa anabeba mchanga pale kwenye ujenzi, anavuka mpaka wa Kongo kwenye Petite Barrière kila asubuhi na kurudi kabla haijafungwa. Nilimsubiri hapo mpakani asubuhi tatu, katikati ya wanawake na mabeseni yao ya nyanya, mpaka nikamwona. Nilimwuliza kwa woga kama naye alikula.

"Mi sikukula ile nyama," akasema. "Barrière ilikuwa karibu kufungwa, nikaenda zangu. Nilimusikia bwana yako anaambia bosi: ukuta imepasuka, tuache kwanza. Bosi akamujibu: kama unaogopa, enda, mafundi iko mingi ku barrière. Na Wellars alikuwa pale. Alicheka."

Alicheka! Tfuu!

Mama Sifa alikuja mahakamani akayasema hayo hayo, akimtazama Wellars usoni. Kesi ilichukua muda mrefu, siwezi kuieleza yote. Karatasi ya kilio ikatupiliwa mbali. Mwenye jumba akapatikana na hatia, naye amekata rufaa, kwa hiyo bado tunangoja. Lakini hakimu alisoma kwa sauti kwamba marehemu hakuwa amelewa. Kevine alikuwa kando yangu. Aliniomba hiyo karatasi ya hukumu, akaenda nayo shuleni kuwaonyesha wenzake.

Wiki ile ile Wellars alibisha hodi, ameshika mfuko wa kaki wenye nyama. Eti tukae kama familia, tuyamalize. Nilimwambia aile yeye na tajiri wake, nikafunga mlango. Kinyaa kilinishika mpaka jioni.

Juzi jirani yangu alifiwa na mume, dereva wa lori. Siku ya kuondoa kilio, bwana mmoja wa kampuni ya lori hilo alileta daftari. Niliketi karibu na mjane, nikalichukua, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya watu wote. Wazee walinikemea kwamba sina adabu. Sikujali. Safari hii paliandikwa majina tu... lakini nilisoma.

Dada zangu, nawasihi. Ukifiwa kwa uzembe wa mtu, usione haya. Lia, lakini uliza. Nenda kwenye msaada wa sheria kabla hujaonja chochote kilicholetwa na mwenye kosa. Na wakikuletea kalamu pamoja na sahani, weka sahani chini usome kwanza. Chakula kitapoa. Acha kipoe!