Mahali Anapolala Mwalimu Révérien

"We Elsa, yule mwalimu Révérien aliyekimbia kutoka Mutakura, siku hizi analala wapi?"

Jirani yetu, Mama Carmen, alimwuliza binti yangu swali hilo bombani, asubuhi moja ya mwaka 1995. Elsa alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku baada ya masomo alinisubiri katika zahanati nilikotunza kadi za wagonjwa, maana njia ya nyumbani haikuwa salama kwa mtoto peke yake.

Vita vilikuwa vimehamisha watu wengi mjini kwetu, kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kwenye kila kadi tuliandika kwa penseli mahali anapolala mgonjwa, ili muuguzi amfuate na sindano. Akihama, nilifuta na kuandika upya. Sanduku la kadi lilikaa wazi mezani, na Elsa alizoea kuzisoma, ya mwalimu Révérien ikiwemo.

"Analala Buyenzi, kwa Hamissi fundi wa baiskeli," alijibu. "Chumba cha nyuma."

Alifurahi kujua jambo ambalo mtu mzima hakulijua. Mama Carmen naye hakuwa mtu mbaya. Alimhurumia mwalimu, akasimulia habari zake sokoni.

Siku ya tatu Hamissi aliingia zahanati.

"Mama Elsa, watu wa bunduki wamemuchukua mwalimu jana. Hawakutafuta. Wameenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Mi na mke wangu hatukusema kwa mutu. Nani mwingine alijua?"

Muuguzi Sébastien alitazama sanduku. Mimi nilitazama sakafu.

"Ni mimi," Elsa alisema polepole. "Mama Carmen aliniuliza, nikamwambia."

"Kosa lilianza kwangu," nikasema. "Niliacha kadi wazi."

Sébastien alifungia sanduku kabatini, akanipa ufunguo.

"Mahali pa kulala hatuandiki tena," alisema. Kisha akamgeukia binti yangu. "Sikiliza, mwanangu. Umesema kweli, na umefanya vizuri. Lakini mgonjwa anapotupa habari zake, ametupa sisi tunaomtibu, basi. Jirani akiuliza, hata kwa upole, mwambie habari za wagonjwa hazisemwi."

"Ndiyo."

Elsa akamsogelea Hamissi. "Baba Hamissi, sasa watamrudisha?"

Hamissi alitikisa kichwa kukataa. Kisha akageuka, akatoka.